Kalundu mpaka Bukavu: historia ya njia, na ya wale wanaopokea



Katika kikao cha komite kilichopita, swali moja lilitugawanya. Je, chama kiendelee na Sanduku la Njia ao kilifunge? Sanduku hilo ndilo linatoa ile pesa kidogo tunayotumia kupokea jamaa zinazoshuka bandarini Kalundu, na kuzifikisha Uvira mjini, Bukavu, ao vijiji vya katikati. Wamoja wanasema pesa hiyo ingefaa zaidi kwenye minervali ya watoto. Wengine wanasema jamaa nyingi tunazosaidia zinapita tu. Zinaenda zao Bukavu, na mchango wa mwezi hatuuoni. Si maneno ya bure, na waliosema si watu wabaya. Swali litafika mbele ya mkutano mkuu.

Katibu akaniomba niandike historia ya njia hii, ili siku ya kura kila mtu ajue anapigia nini. Mimi si profesa. Nilifundisha darasa kambini, nimesoma vitabu kidogo, nimekaa na wazee, na njia yenyewe nimeipita kwa miguu, kwa lori na kwa pikipiki. Nitasema ninayoyajua.

NJIA YENYEWE

Kwa wale ambao hawajafika kwetu: Kalundu iko kusini kwa mji wa Uvira, kilomita chache tu toka katikati. Ukishuka chomboni unageukia kaskazini. Ziwa Tanganyika linakuwa mkono wa kuume, milima inakuwa mkono wa kushoto, na kati yake kuna kipande chembamba cha ardhi ambacho mji wote umejibana humo. Unapita Kimanga, unavuka mto Kalimabenge, unafika Mulongwe kwenye soko, unavuka mto Mulongwe, unaendelea mpaka Kavimvira. Hapo njia zinaachana. Moja inakata kwenda mpaka wa Burundi, na Bujumbura haiko mbali. Nyingine inapanda uwanda wa Ruzizi: Runingu, Sange, Luberizi, Luvungi, Kamanyola.

Mpaka Kamanyola ni uwanda. Baada ya Kamanyola ni mlima. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari. Ziwa Kivu, ambako Bukavu umejengwa, liko karibu mita 1,460. Kwa hiyo mtu anayetoka bandarini kwenda Bukavu anapaswa kupanda karibu mita 700, na sehemu kubwa anaipanda kwa mara moja, kwenye miinuko ya Ngomo. Mto Ruzizi unashuka toka ziwa moja mpaka lingine, lakini huko juu unapita kwenye mabonde membamba yenye maporomoko, hakuna mtumbwi unaoweza kuupanda. Njia yote ni kilomita karibu 130. Kwenye karatasi ni safari ya asubuhi moja. Kwa mama mwenye watoto wanne, mzee mmoja na masufuria yake, ni jambo lingine.

BANDARI YA KUONDOKEA

Njia hii haikuanza na Wabelgiji. Kabla yao, mitumbwi mikubwa ya Ujiji ilikuwa ikifika pwani ya Uvira kufanya biashara. Mwezi wa nne wa mwaka 1858, Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi toka Ujiji. Walitaka kujua kama Ruzizi inatoka ziwani ao inaingia ziwani. Wapiga makasia wakakataa kwenda mbele. Wenyeji wakawaambia wazi kwamba mto unaingia ziwani. Ikabidi kungoja mpaka mwisho wa mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipofika mdomo wa Ruzizi wakaona kwa macho yao kwamba wenyeji walisema kweli.

Burton aliandika juu ya soko la Uvira: nafaka, vitu vya chuma, nguo za magome ya miti, na watu. Tusipite neno hilo mbio mbio. Jamaa za kwanza ambazo historia iliyoandikwa inazionyesha kwenye pwani yetu hazikuwa zinashuka. Zilikuwa zinapakiwa. Watu walitolewa milimani na uwandani, wakaletwa majini, wakavushwa ng'ambo, na wengi hawakurudi. Kiswahili tunachosema leo nacho kilitufikia kwa mitumbwi hiyo hiyo ya biashara. Ndivyo ilivyo: maji yale yale yalileta lugha na yalipeleka watu.

Nataja jambo hili kwa sababu moja. Tangu mwanzo, njia kati ya pwani na bara ilitengenezwa kwa ajili ya kitu kinachouzwa. Mtu na jamaa yake walikuwa mzigo, ao walikuwa nyongeza juu ya mzigo. Angalieni kama jambo hilo lilibadilika baadaye.

RELI ILIYOISHIA CHINI YA MLIMA

Mwaka 1914 reli ya Wadachi toka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Mwaka 1915 reli ya Wabelgiji toka Kabalo ilifika ziwani, mahali walipopaita Albertville, leo Kalemie. Mwaka huo huo Wadachi walishusha majini Kigoma meli yao Graf von Götzen, ambayo ilikuwa imeletwa toka Ujerumani vipande vipande ndani ya masanduku. Mwaka 1916, walipoona wanashindwa vita, waliizamisha wenyewe. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Wengi wenu mnaijua. Wengine mmelala kwenye sitaha yake.

Baada ya vita ile, Wabelgiji walipewa na Waingereza, kwa mapatano ya mwaka 1921, haki ya kuwa na sehemu yao kwenye bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Kwa hiyo mali ya Kongo ya mashariki iliweza kwenda bahari ya Hindi kwa kupitia ziwa letu. Sasa walowezi wa Kivu walitaka kahawa yao ishuke toka milimani mpaka majini, na uwanda wa Ruzizi ulilazimishwa kulima pamba. Bukavu wakati huo waliita Costermansville. Jina lilibaki mpaka mwaka 1954.

Ndipo ikajengwa reli ya Kivu, iliyojulikana kwa ufupi kama CEFAKI. Ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Vijana wengi wa Uvira leo hawajui kama tulikuwa na garimoshi. Lilitoka Kalundu, bandarini kabisa, likapita uwanda wote, likafika Kamanyola, kilomita zaidi ya 90. Hapo likasimama. Mlima ulikuwa mkali sana, na pesa ya kuupandisha reli haikupatikana. Toka Kamanyola mpaka Bukavu ilikuwa ni kushusha kila kitu toka behewani, kupakia kwenye lori, na kupanda Ngomo kwa barabara.

Mzee mmoja wa Kimanga, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye reli hiyo, aliniambia: «Baba alikuwa anasema, gunia la kahawa liko na karatasi, liko na namba, liko na mwenye kulingojea. Mutu hana namba.» Gunia likipotea Kamanyola, karani aliulizwa. Mtoto akipotea Kamanyola katikati ya kushuka na kupanda, nani aliulizwa?

Mwishoni mwa miaka ya 1950 reli ilifungwa. Si vigumu kuelewa. Mahali ambapo mzigo unashushwa na kupakiwa tena ndani ya kilomita 130, lori linaloenda moja kwa moja linashinda. Lakini tukumbuke: reli ilikuja kwa hesabu ya magunia, ikaondoka kwa hesabu ya magunia. Jamaa zilizokuwa zinaitumia hazikuwa kwenye hesabu siku ya kufungua, wala siku ya kufunga.

KUKIMBIA NA KURUDI

Uhuru ulikuja mwaka 1960. Mwaka 1964 uasi ulifika Uvira na Fizi, na watu wakaanza kuvuka tena kwenda Burundi na Tanzania. Wazee wetu wengine waliokimbia wakati huo hawakurudi mpaka leo. Wajukuu wao ndio tuliowakuta ng'ambo, wakisema Kiha kama wenyeji.

Mwezi wa kumi wa mwaka 1996 vita vilianzia kwetu. Uvira ilianguka kabla mwezi haujaisha, na Bukavu ikafuata siku chache baadaye. Nani asiyekumbuka? Mitumbwi, boti za uvuvi, kila kitu chenye kuelea kilijaa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, na ya Lugufu ikafuata. Mwaka 1997, baada ya utawala kubadilika Kinshasa, HCR iliturudisha kwa meli toka Kigoma mpaka Uvira, na Liemba ilikuwa kati ya vyombo vilivyofanya kazi hiyo. Makumi ya maelfu ya watu walirudi. Halafu mwezi wa nane wa mwaka 1998 vita vikaanza upya, na wengi tukavuka mara ya pili, wengine bila kuwahi kupanga kitanda. Ilibidi kungoja mpaka mwezi wa kumi wa mwaka 2005 ndipo safari za kurudi kwa msaada wa HCR zikaanza tena toka Kigoma, zikielekea kwanza Baraka kwa watu wa Fizi.

Katika safari zote hizo, ukiuliza watu nini kilikuwa kigumu, wageni wanategemea jibu liwe ziwa. Mawimbi, usiku, hofu ya kuzama. Kweli ziwa linaogopesha. Lakini waulizeni waliorudi kwa mpango. Melini kulikuwa na orodha. Jina lako liliitwa Kigoma, likaitwa tena Kalundu. Baada ya Kalundu jina halikuitwa tena. Ni hapo watu walipotezana.

SIKU TATU ZA TATE

Niwaeleze ya kwetu, kwa sababu sheria ya kwanza ya Sanduku la Njia ilitoka humo, na wanachama wapya hawaijui.

Tulirudi mwezi wa kumi na moja wa mwaka 1997. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa mama, wadogo zangu watatu, mimi, na tate, mama yake baba. Kule kambini watoto walijifunza kumwita bibi kama Watanzania, naye alikuwa anakasirika: «Bibi ya nani? Mimi ni tate yenu.» Tulikuwa tunaenda Bukavu, Kadutu, kwa baba mkubwa, kwa sababu nyumba yetu ya Uvira ilikuwa imebomolewa.

Tulishuka Kalundu jioni, mvua inanyesha. Mizigo iliwekwa kwenye lori moja, watu wakaambiwa wangoje lori lingine. Tate hakuweza kusimama muda mrefu, miguu ilikuwa imevimba. Kijana mmoja wa lori la mizigo akamwonea huruma. Akasema, «Muzee apande hapa mbele, mutamukuta kule.» Mama akashukuru. Akampandisha pamoja na mfuko wetu mkubwa.

«Kule» ilikuwa wapi? Hakuna aliyeuliza. Sisi tulipelekwa mahali pa kulala palepale mjini. Lori la mizigo lilikuwa na mizigo ya watu wa uwandani, likaenda zake kabla ya giza, likishusha hapa na pale. Mama alizunguka na mvua yake akiuliza kila mtu. Simu haikuwepo. Hapakuwa na mtu aliyefanya ubaya. Dereva alikuwa na haraka, kijana alikuwa na huruma, na mama alikuwa amechoka. Ndivyo mzee anavyopotea, bila mtu mbaya hata mmoja.

Usiku ule mwanamke mmoja muuza samaki wa Kimanga alimkuta mama amekaa kando ya barabara na sisi wanne. Hakutujua. Akasema: «Mama, batoto beko na baridi. Kuyeni kwangu, kesho tutatafuta.» Tukalala chini kwenye nyumba yake, karibu na vikapu vya ndagala. Asubuhi akamwita mwanawe, akampa kinga ya baba yake, akamwambia apande mpaka Sange akiuliza kila mahali lori liliposimama. Siku ya kwanza akarudi mikono mitupu. Siku ya pili akapanda mbali zaidi, akalala njiani. Siku ya tatu akarudi na habari: mzee mwanamke yuko Luvungi, kwenye baraza ya kanisa.

Mama alienda mwenyewe. Alimkuta tate amekaa juu ya mfuko wetu. Wamama wa kanisa walikuwa wamemletea ugali na maji, wakamwomba aingie ndani alale, akakataa siku zote tatu. Mama alipomwuliza kwa nini, akajibu: «Nilisema, nikitoka hapa hamutaniona.»

Toka hapo tulipanda wote pamoja. Mama aliuza mablanketi mawili na sufuria kubwa ili kulipa lori. Kwenye Ngomo tuliteremshwa wote, tukapanda kwa miguu nyuma ya lori, mimi na konvwayeri tukibeba mawe ya kuziba nyuma ya matairi kila liliposimama. Tate peke yake alibaki ndani. Mara hii mama alimfunga kitenge kimoja mkono wake na mkono wa mdogo wangu, akasema wakitengana tena atamwuliza mdogo wangu. Tulifika Panzi usiku, na Kadutu saa sita.

Tate alikimbia tena nasi mwaka 1998. Amezikwa Nyarugusu. Yule muuza samaki nilimtafuta niliporudi mara ya mwisho. Alikuwa ameshafariki, lakini mwanawe yuko, na wengi mnamjua kwa sababu kinga yake imekuwa pikipiki, na mara nyingi yeye ndiye tunayempigia boti likichelewa.

NJIA LEO

Mnaweza kusema: hayo ni ya zamani, leo kuna simu, kuna pikipiki, kuna gari dogo kila saa. Kweli. Lakini tuangalie vizuri.

Barabara ya Ngomo bado ni ile ile, nyembamba, na mvua ikinyesha udongo unaanguka. Ndiyo maana magari mengi yanavuka Kamanyola kuingia Rwanda, yanapita Bugarama kwenye lami, yanapanda mpaka Kamembe, na kurudi Kongo Bukavu. Ni njia nzuri zaidi. Lakini ni ya mwenye karatasi. Jamaa iliyorudi jana, baba ana foomu ya HCR tu, mtoto alizaliwa kambini na cheti chake ni cha Tanzania, jamaa hiyo itapita mipaka miwili namna gani? Ama itagawanyika, wenye karatasi wapite chini na wasio nazo wapite Ngomo, ama wote watapanda mlima. Tumeshuhudia jamaa zikigawanyika kwa njia hiyo. Ni hadithi ya lori la mizigo tena, katika mavazi mapya.

Hatari nazo hazikwisha. Tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, likalipuka, na watu zaidi ya 230 wakafa, wengi wao wakiwa nyumbani kwao ao kwenye vibanda vya kuangalia mpira. Mwezi wa nne wa mwaka 2020, mto Mulongwe ulifurika ukapita katikati ya Uvira, ukaua watu makumi na kubomoa nyumba maelfu. Daraja tunalovuka kila siku bila kulifikiria likawa si daraja tena. Na miaka hii ziwa lenyewe limepanda. Maji yameingia kwenye nyumba za pwani na bandarini Kalundu. Mtu aliyeondoka miaka ya tisini akirudi na ramani ya kichwani mwake, haikuti pwani aliyoiacha. Anashuka chomboni, anatafuta njia aliyokuwa anaijua, anakuta maji.

Tena kuna jambo dogo ambalo si dogo. Watoto waliozaliwa Nyarugusu wanasema Kiswahili cha kule. Wakifungua mdomo kituoni, watu wa magari wanajua hapo hapo kwamba ni wageni, na bei inapanda. «Ah, hawa batoto ya Tanzania, wako na pesa ya HCR.» Tunacheka tukisimuliana, lakini pesa inayoliwa kati ya bandari na soko la Mulongwe ndiyo ilikuwa ya kununua jembe.

SANDUKU LINAFANYA NINI

Kwa faida ya wafadhili na wanachama wapya, niseme kwa ufupi. Kwanza, tukipata habari kwamba jamaa inakuja, tunaandika majina yote kabla ya kushuka: watu wangapi, mizigo mingapi, nani mgonjwa, nani mzee, wanaenda wapi. Pili, mtu wetu anakuwepo bandarini, na anabaki mpaka mtu wa mwisho ashuke, hata kama ni usiku. Tatu, sheria ya tate: mtu na mzigo wake, mzee na mjukuu wake, ndani ya gari moja. Gari likiwa dogo, tunangoja lingine. Hatumpandishi mtu «mbele» kwa huruma. Nne, bei tunazungumza sisi, tunaojulikana kituoni. Tano, kwa wanaoenda Bukavu, tunapiga simu kwa mwanachama aliyeko huko, naye anangoja Panzi. Siku ile jamaa haijafika, yeye ndiye anayeanza kuuliza, si mama peke yake kando ya barabara.

Hakuna kitu kikubwa hapo. Hakuna jengo, hakuna gari lenye jina la chama ubavuni. Picha ya kumtumia mfadhili ni ngumu kupata, kwa sababu kazi ikifanyika vizuri hakuna kinachoonekana: jamaa imeshuka, jamaa imefika. Najua minervali ina sura nzuri zaidi, mtoto na daftari lake. Mimi ni mwalimu, siwezi kusema minervali haina maana. Lakini mtoto aliyepotezana na mama yake kati ya Kalundu na Kavimvira, daftari hilo utampa nani?

KWA WALE WANAOSEMA WANAPITA TU

Nimebakiza neno moja juu ya lawama ya pili, kwamba tunasaidia watu wanaopita na hawalipi mchango.

Ni kweli, wengi hawalipi. Nimeangalia daftari la mweka hazina, wengi wanaokwenda Bukavu hatuwaoni tena. Lakini nirudi kwenye historia. Mitumbwi ya Ujiji ilikuja kwa ajili ya pembe na watu wa kuuza. Reli ilikuja kwa ajili ya kahawa na pamba. Malori yalikuja kwa ajili ya bidhaa. Hata misaada, ambayo tunaishukuru, ilipangwa vizuri mpaka pale orodha ilipoishia. Kila wakati, kilomita za mwisho ziliachiwa jamaa zenyewe. Na kila wakati waliofika, walifika kwa sababu mtu fulani wa hapa hapa alitoka nyumbani kwake usiku akawapokea. Kazi hiyo haijawahi kuwa na shirika. Ilikuwa ya wauza samaki, na wamama wa kanisa, na vijana wenye kinga. Sanduku la Njia ni jaribio letu la kufanya kwa utaratibu kile ambacho wao walifanya kwa moyo.

Yule mama wa Kimanga hakutuuliza kama tutalipa mchango. Tulikuwa watu wa kupita. Tulilala kwake siku tatu, tukala ndagala zake, tukaenda zetu Bukavu, na mwaka uliofuata tukakimbia tena bila hata kumwambia aksanti. Kwa hesabu ya daftari, tulikuwa hasara.

Siku ya mkutano mkuu mimi nitapiga kura sanduku libaki. Kama pesa haitoshi, tupunguze mengine, ao tuongeze kidogo mchango wa sisi tulio na kazi. Na kama kura itasema lifungwe, nitaheshimu kura. Lakini naomba jambo moja: yeyote atakayeinua mkono wa kulifunga, kwanza ashuke siku moja Kalundu jioni, chombo kikiwa kinafika. Asimame pale ambapo maji yamefika sasa, aangalie watu wakishuka na mifuko yao. Atawaona wanafanya jambo moja wote: wanainua kichwa na kutafuta uso.

Wanaotaka kushiriki zamu ya bandarini waandikishe majina kwa katibu. Tunahitaji hasa wamama, kwa sababu wamama wakishuka wanamwamini mama mwenzao kwanza. Wenye pikipiki pia wanakaribishwa.